Tulimpenda Mzee Morris, Wenzake Tumewapa Nini?

Zamani za redio, kabla simu ya mkononi haijamfikia mvuvi wa kusini mwa Pangani, dunia iliingia kijijini kwetu Mkwaja usiku. Saa mbili ikitimu zilianza ngoma. Zilikuwa nyingi kwa pamoja, nzito na nyepesi, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, kisha zote zikakimbilia mahali pamoja na kumwachia nafasi mtangazaji wa taarifa ya habari kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Asiyeambiwa angeapa kwamba waliozipiga ni kundi zima la vijana wenye nguvu. Alikuwa mtu mmoja. Jina lake Morris Nyunyusa, nchi nzima ikimwita Mzee Morris, na alikuwa kipofu.

Namkumbuka leo kwa sababu kizazi kilichokua na ngoma zile kinapungua, na kwa sababu yapo mafunzo katika maisha yake ambayo sisi watu wa pwani tumeyasifu bila kuyafuata. Kila anapotajwa, maneno ni yaleyale: kipofu yule alikuwa na kipaji cha ajabu. Kipaji alikuwa nacho, wala hakuna wa kubisha. Lakini kipaji peke yake hakimfikishi mtu asiyeona kwenye taarifa ya habari ya taifa. Alikuwepo mtu aliyemfungulia mlango wa studio. Ilikuwepo taasisi iliyokubali kwamba mikono yake ndiyo iitangulie sauti ya mtangazaji wa serikali. Mzee Morris alipendwa kwa sababu alipewa kazi ya maana na akaifanya vizuri kuliko wengine wote. Tukitaka kumuenzi, tupunguze kusimulia maajabu yake na tuanze kugawa kazi za maana kwa watu wenye ulemavu walio majumbani mwetu, tukianzia hapa Mkwaja.

Kwanza tuipe kazi yake uzito unaostahili. Ngoma haikai kama ulivyoiacha. Mpiga ngoma yeyote wa Mrima anajua kwamba unyevu wa bahari ukiingia, ngozi hulegea na sauti huzama. Basi huwashwa moto wa makuti, ngoma ikaelekezwa kwenye joto, ikagongwa kwa ncha za vidole, ikarudishwa motoni, ikagongwa tena, mpaka ngozi ikaze na sauti isimame. Anayekausha ngoma hategemei macho. Hutega sikio, na hupapasa ngozi kwa kiganja ajue imekaza kiasi gani. Sasa chukua shughuli hiyo uizidishe kwa ngoma zaidi ya kumi, kila moja na kimo chake na sauti yake, zimepangwa kumzunguka mtu aliye katikati. Mkono unaotoka kwenye ngoma kubwa ya mbele kwenda kwenye ndogo ya ubavuni lazima ujue umbali huo kama ulimi unavyojua meno. Ukikosea kwa upana wa vidole viwili unapiga ubao. Mwenye macho akipotea huchungulia akajirekebisha. Mzee Morris alijirekebisha kwa sikio na kwa mazoezi ya miaka mingi, mpaka mpangilio mzima wa ngoma zile ukawa umekaa mwilini mwake.

Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo neno «kipaji» linaifunika. Kipaji mtu huzaliwa nacho na hakimgharimu kitu. Mazoezi yanagharimu: yanataka vifaa, yanataka muda, yanataka chakula cha anayefanya mazoezi, na yanataka watu wanaovumilia kelele za anayejifunza. Kipofu anayepiga ngoma kwa ustadi ule ni mtu aliyewahi kuachwa apige vibaya kwa muda mrefu bila kunyang'anywa ngoma. Tuwaulize watoto wetu wasioona wangapi wamepewa ruhusa hiyo ya kukosea. Wengi hunyang'anywa ndoo kisimani kwa kuwa watamwaga maji, hunyang'anywa kisu jikoni kwa kuwa watajikata, hunyang'anywa jembe shambani kwa kuwa watakata miche. Mtoto mwenye macho humwaga maji mara ngapi kabla hajajua kujitwisha ndoo?

Redio nayo ilimtendea haki ambayo uwanja wa ngoma usingemtendea kwa urahisi. Uwanjani watu wangemwona kipofu kwanza, wamsikie mpigaji baadaye, na makofi yao yangechanganyika na huruma. Redioni hakuna sura. Msikilizaji wa Mkwaja, wa Kipumbwi au wa Kigoma alikutana na kazi kabla ya kukutana na mtu, akaipenda kazi, na alipokuja kusikia kwamba aliyeifanya haoni, heshima ilikuwa imekwisha kukaa. Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka pia betri zilizotolewa redioni na kuanikwa juani, juu ya bati au ukingoni mwa baraza, ili zipate nguvu ya usiku mmoja zaidi. Betri za namna hiyo hazikupotezwa kwa muziki. Ziliwekewa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, maana hapo ndipo ulipojua ni nani wa ukoo wako aliyefariki Tanga au Dar es Salaam. Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, na Mei 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, watu walisogea karibu na redio kutafuta uhakika. Ngoma za Mzee Morris zilikuwa ishara ya kunyamaza na kusikiliza. Ni watu wachache sana katika nchi hii, wenye macho na wasio nayo, waliowahi kuaminiwa kuwanyamazisha Watanzania wote kwa wakati mmoja.

Kuaminiwa huko hakukutokea kwa bahati. Kituo kile kilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali. Nchi ilikuwa changa na ilikuwa ikitafuta sura yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alikwisha kuunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, akitaka Watanganyika wajivunie ngoma zao badala ya kuziona ushamba. Katika hali hiyo, kituo cha taifa kingeweza kutafuta tarumbeta au piano kama wafanyavyo wengine ng'ambo. Kilichagua ngoma. Na kati ya wapiga ngoma wote wa nchi yenye makabila zaidi ya mia moja na ishirini, kikamchagua mtu ambaye katika vijiji vingi angehesabiwa kuwa mzigo. Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilipoirithi redio hiyo liliendelea na ngoma zilezile. Marais wamebadilika, jina la kituo limebadilika, mitambo imebadilika, ngoma zikabaki. Huo ni uamuzi wa ofisi, uliofanywa na watu wenye mihuri na mafaili. Nausisitiza kwa sababu ofisi zetu za leo zina mihuri na mafaili yaleyale.

Najua wapo watakaosema kwamba yeye alishinda ulemavu kwa juhudi zake na kila mtu afanye vivyo hivyo. Kauli hiyo inasikika kama sifa, lakini ndani yake ina ukatili. Mzee Morris hakupona macho. Aliingia kaburini akiwa kipofu kama alivyokuwa akipiga. Kilichobadilika ni mazingira yaliyomzunguka: palipokuwa na mlango uliofungwa pakawa na mlango wazi. Tukisema alishinda peke yake, tunamhukumu kila kipofu aliyekaa barazani Mkwaja kwamba ameshindwa peke yake, nasi wenye macho tunajitoa katika hesabu. Tunakuwa watazamaji wa mashindano ambayo sisi ndio tulioweka vizuizi vyake.

Watu wa pwani hatuna kisingizio cha kutolijua jambo hili, kwa kuwa tumefundishwa tangu madrasa. Kila mtoto aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani anaijua habari ya Abdallah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, ambaye kwa ajili yake iliteremshwa Sura Abasa. Tunaisimulia habari hiyo kama funzo la kutomkunjia uso mnyonge, na ni kweli. Ila habari yake haiishii hapo. Mtume alimpa kazi ya kuadhini, akaadhini Madina pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja alimwachia Madina yenyewe aisimamie na kuwasalisha watu, Mtume mwenyewe akiwa safarini. Kipofu alikabidhiwa mji. Funzo kamili basi ni kumkaribisha mtu, kisha kumkabidhi jambo ambalo likiharibika sote tutaumia. Imani bila ya kukabidhi ni maneno.

Ukanda wetu umeufuata mfano huo kwa nusu. Madrasa za pwani zimewahi kuwapokea watoto wasioona na kuwahifadhisha Kurani kwa masikio, na jamii ikawaheshimu kwa kuhifadhi. Tumeonyesha kwa vitendo kwamba tunajua namna ya kumfundisha asiyeona: unasoma, anarudia, unamsahihisha, anasonga mbele. Lakini tukafunga mlango hapo. Mtoto aliyeweza kukariri juzuu nzima kwa sikio, tukaamini kwamba hawezi jedwali la kuzidisha. Misri nako kulikuwa na mtoto wa namna hiyo, Taha Hussein, aliyepofuka utotoni kijijini na kuanzia kwenye kuhifadhi Kurani. Wenzake hawakumfungia hapo. Alisoma Azhar, akasoma chuo kikuu, akavuka kwenda Ufaransa, akawa mwandishi mkubwa wa Kiarabu, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Alipokuwa waziri alipigania elimu ya bure kwa watoto wote wa Misri, waonao na wasioona. Nchi iliyompa nafasi kipofu mmoja ilinufaisha mamilioni ya wenye macho.

Turudi mkoani Tanga. Elimu ya wasioona nchini ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Shule ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Mkoa wetu ukapata Irente, kule Lushoto, mwaka 1963, na jijini Tanga Shule ya Msingi Pongwe ina kitengo kinachopokea watoto wasioona na wenye ualbino. Ni sadaka kubwa ya walimu na walezi, na nawashukuru kwa dhati. Lakini hebu mfuate kwa fikra mtoto asiyeona wa Mkwaja akipelekwa Irente. Atapita njia ya pwani kwenda kaskazini hadi Bweni. Hapo ndipo wazazi wetu na sisi tumezoea kusubiri pantoni kuuvuka Mto Pangani. Akifika mjini Pangani atafute gari la Tanga au la Muheza, kisha Korogwe, kisha Mombo, kisha apande milima ya Usambara kwa njia ya kona kilomita zaidi ya thelathini. Yule ni mtoto wa miaka saba, wa pwani, anayekwenda kulala kwenye baridi asiyoijua, miongoni mwa sauti asizozijua, na mama yake ana nauli ya kwenda lakini hana uhakika wa nauli ya kwenda kumwona. Mama akisema «na abaki nyumbani», si mjinga wala hana roho mbaya. Amepiga hesabu.

Wakati mwingine kinachomkosesha mtoto huyo shule ya karibu ni mashine moja. Ukiiweka mezani mashine ya kuandikia nukta nundu, utaona ni chombo cha chuma kizito, chenye vitufe sita na kitufe kirefu cha nafasi katikati. Vitufe vitatu ni vya vidole vya mkono wa kushoto, vitatu vya kulia. Kila herufi ni mpangilio wa nukta, kwa hiyo mwandishi hupiga vitufe kadhaa kwa mpigo mmoja, na karatasi nene inavimba nukta ndogo zinazosomwa kwa ncha ya kidole. Mfumo huo ulibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto mdogo katika karakana ya baba yake aliyetengeneza vifaa vya ngozi. Aliuchapisha mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka ishirini. Karibu karne mbili zimepita, na bado mtoto wa kijiji cha pwani anaweza kumaliza utoto wake bila ya kugusa hata ukurasa mmoja wa nukta hizo.

Wapo watakaoniambia kwamba mambo haya ni ya watu wachache. Si wachache. Sensa ya mwaka 2022 iliyohesabu Watanzania milioni 61.7 ilionyesha kwamba katika watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Ni zaidi ya mmoja katika kila kumi. Na waliotutangulia walisema hujafa hujaumbika. Pwani ya Tanga inaielewa methali hiyo kwa mwili wake. Matende na mabusha, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, yamewatoa baharini wavuvi hodari waliokuwa wakivuta ngalawa peke yao, wakawa wanakaa nyuma ya nyumba kwa haya. Usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa kandokando ya mito, umewaumiza ngozi na macho watu wa Muheza na Korogwe. Mtoto wa jicho anawanyemelea wazee wetu wote bila kuchagua ukoo. Aliyezaliwa mzima leo hana hati ya kuzeeka mzima.

Na hapo hapo kwenye matende pana ushahidi kwamba tukiamua tunaweza. Kugawa dawa za kumeza kwa watu wote, nyumba kwa nyumba, kulianzia Mafia mwaka 2000 na kufika mkoa wa Tanga mwaka 2004. Watu walimeza dawa mwaka baada ya mwaka, na maambukizi yakashuka sana. Wanaume walioficha mabusha miaka mingi walijitokeza kufanyiwa upasuaji wakarudi kazini. Haikuwa miujiza. Ilikuwa bajeti, orodha ya majina, mgawa dawa wa kijijini anayejua kila mlango, na viongozi waliofuatilia. Njia ileile ya orodha na milango ndiyo itakayompata mtoto asiyeona, kiziwi, mwenye mtindio wa ubongo au asiyetembea, aliyefichwa chumba cha uani.

Nasema aliyefichwa kwa sababu ni lazima tuseme ukweli wetu wa ndani. Kuna familia zinazoficha watoto kwa aibu, zikidhani ni laana au kwamba binti mwingine wa nyumba hataolewa. Zipo nyingine, nazo ni nyingi, zinazoficha kwa mapenzi: hawataki mtoto achekwe, hawataki agongwe na bodaboda. Mapenzi ya namna hiyo humlinda mtu mpaka yakamwondolea maisha. Bibi akifa, aliyelindwa hubaki na miaka arobaini, hajui kuhesabu fedha wala kujipikia, na ukoo unaanza kurushiana nani amchukue. Tungemtenda wema zaidi kama angejikwaa mara mia akiwa mtoto.

Sheria ya kutubana ipo tayari. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia mbili ni ya watu wenye ulemavu. Juu kabisa milango imeanza kufunguka. Salum Barwany, mwenye ualbino, alichaguliwa na wapigakura wa Lindi Mjini kuwa mbunge wao mwaka 2010, katika miaka ambayo wenzake walikuwa wakiuawa kwa imani za kishirikina. Dkt. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015 kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, alifika kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Najivunia wote. Lakini kijijini hatuhitaji balozi. Tunahitaji karani wa mnada wa samaki, fundi, mwalimu, mwenye duka, mjumbe wa serikali ya kijiji. Nafasi za katikati ndizo zinazolisha watu, na hizo bado tunazigawa kwa kuangalia macho na miguu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Mtu ataniuliza: hapa Mkwaja hata wenye viungo vyote hawana kazi, utawapatiaje wenye ulemavu? Ranchi ya Mkwaja iliyoanzishwa miaka ya 1950 ili kulisha nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ajira za mshahara ni chache kweli. Jibu langu ni kwamba umaskini wa kijiji ndiyo sababu ya kutopoteza mikono ya mtu hata mmoja. Zitazame kazi za pwani kwa makini, utaona ni ngapi zinazofanywa na vidole kuliko macho. Makumbi ya nazi huzikwa kwenye mchanga wenye maji ya chumvi kwa miezi, yakishalainika hufukuliwa, hupondwa, husafishwa, kisha nyuzi za usumba husokotwa kwa viganja, na anayesokota hupima unene wa kamba kwa kuipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Kusuka ukili, kushona nyavu, kukuna nazi na kukamua tui, yote ni maarifa ya mikono. Anayejua kutofautisha ngozi iliyokaza na iliyolegea kwa mguso atashindwaje kutambua tundu la wavu?

Wala nisieleweke kwamba nawarudisha wasioona kwenye kamba na vikapu peke yake. Hilo nalo ni gereza, na shule nyingi za zamani duniani ziliwafungia humo. Simu za leo husoma maandishi kwa sauti, ujumbe na vitabu pia. Kijana asiyeona aliyefundishwa kuitumia anaweza kuendesha biashara, kufuatilia bei ya samaki Tanga, kusoma sheria chuo kikuu. Ngoma zilimfaa Mzee Morris kwa kuwa ndizo alizozitaka na kuziweza. Mwingine atataka hesabu, mwingine uchungaji au uimamu, mwingine siasa. Haki ni kuchagua.

Mila yetu ina kanuni kuhusu wachezaji ngoma: mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza vizuri uwanjani, jamaa hutoka na noti wakambandika pajini mwa uso, mbele ya watu wote, ajue kwamba kwao anathaminiwa. Taifa limemtunza Mzee Morris kwa makofi na kwa kumbukumbu. Deni lililobaki linalipwa kwa wenzake, na linaweza kulipwa na watu ninaowafahamu kwa vyeo vyao. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake wapite nyumba kwa nyumba kabla shule hazijafunguliwa Januari, waandike kila mtoto mwenye ulemavu aliyefikia umri wa kusoma, wajue nani ataanza darasa la hapa na nani atahitaji Pongwe au Irente. Kijiji kichangie nauli ya mzazi ya kumtembelea mtoto aliye bweni, kama tunavyochanga harusi na maziko bila kusukumwa. Halmashauri ya Pangani ibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote fedha za ile asilimia mbili: zilipatikana kiasi gani, alipewa nani, kwa kazi gani. Siku ya Fimbo Nyeupe, Oktoba 15, na siku ya watu wenye ulemavu, Desemba 3, viongozi wasitoe hotuba mpaka wamesoma orodha hiyo hadharani.

Na kwa kuwa aliyetufikisha hapa alikuwa mtu wa redio, nina ombi kwa redio. Wilaya yetu ina redio ya jamii, Pangani FM, na mkoa una nyingine kadhaa. Kusoma nukta nundu mbele ya kipaza sauti, kuhoji watu, kuhariri sauti kwa kompyuta inayosema, yote hayo ni kazi za sikio na ulimi. Redio iwe mahali pa kwanza mkoani Tanga ambapo kijana asiyeona anaingia kwa mlango wa mbele, akapewa mkataba, akapewa zamu, akakemewa akichelewa na kupandishwa cheo akistahili. Akiifanya kazi yake vizuri, mapenzi ya watu yatamfuata yenyewe, na wala hatutahitaji kumwita muujiza.